Kanuni Tulizoandika Wenyewe

Nilipoajiriwa kwenye swichibodi ya kampuni moja ya bima katikati ya mji wa Nairobi, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na magauni mawili ya ofisini. Uhuru ulikuwa na miaka michache tu. Kupokea simu katika ofisi kubwa ilikuwa kazi ya wanawake wa Kizungu na wa Kihindi, na sasa kampuni zilikuwa zimeanza kutuchukua sisi. Kaka yangu, dereva wa familia moja kule Muthangari, aliliona tangazo kwenye gazeti ambalo tajiri wake alikuwa amelimaliza, akanikatia kile kipande. Nilikuwa nimetoka nyumbani magharibi mwezi mmoja tu kabla ya hapo, na nililala katika chumba chake na mkewe, uani nyuma ya nyumba kubwa, nikitengwa nao kwa pazia.

Tulichukuliwa wasichana sita. Wanne walikuwa wapelekwe kwenye matawi, na wawili tungebaki pale makao makuu. Aliyetufundisha alikuwa mjane Mgoa aliyekuwa amekaa kwenye ile swichibodi karibu miaka ishirini. Tulimwita Madam. Alijua vizuri kwamba anatufundisha kukalia kiti chake, maana alikuwa amekwisha kuambiwa ni mwezi gani ataondoka, lakini sikumwona hata siku moja akituficha jambo.

Kazi ya mikono tuliijua katika wiki mbili. Kitaa kikiwaka unachomeka kamba, unafungua swichi ya kusikilizia, unasalimu, unauliza anatakiwa nani, unaunganisha, kisha unafunga swichi yako ili wenyewe wazungumze. Kufunga ile swichi ndiko Madam alikokusisitiza kuliko yote. Usipoifunga, unasikia kila neno, na wao hawajui.

Sisi tulitarajia atupe karatasi ya sheria tuzikariri, kama shuleni. Hakutupa. Alituketisha kwenye meza ya duara katika chumba cha chai, akatoa kadi alizoandika kwa mkono wake. Kila kadi ilikuwa na kisa. Mume wa jirani yako anapiga simu kwa mwanamke mwingine. Meneja anasema karani fulani, rafiki yako, atafukuzwa Ijumaa. Mtu anakuletea zawadi umwambie nani alimpigia mkubwa wake asubuhi. Tuligawanyika wawili wawili, tukajadili, kisha tukaigiza mbele ya wenzetu. Mmoja alikuwa mpiga simu, mwingine opereta, na tulicheka sana, hasa yule msichana mfupi wa kutoka Machakos alipojifanya meneja mwenye kikohozi. Baada ya kucheka Madam aliuliza, "Sasa nani ameumia hapa?" Tukaanza kufikiri upya.

Mwisho wa kila kisa tulitunga sentensi moja tuliyokubaliana sote. Tukiwa na ubishi hakuamua yeye, alitoka nje akatuacha mpaka tumalize. Ndivyo zilivyozaliwa kanuni zetu saba. Ya nne ilikuwa yangu: "Maneno ya wenye simu si yangu, hata kama yamepita sikioni mwangu." Madam aliisoma mara mbili, akanipigapiga begani. Ya saba ilitungwa na msichana wa Dagoretti, ambaye baba yake alikuwa na shamba na vyumba vya kupangisha karibu na Dagoretti Corner. Alikuwa mpole, hasemi ila ameshafikiri. Alisema, "Nikikosea, nitasema mwenyewe kabla hajaulizwa mwingine." Kwa kuwa mwandiko wangu ndio uliokuwa mzuri, nilipewa wino mwekundu nizinakili kwenye karatasi ngumu. Sote sita tukatia sahihi, na tarishi akaitundika ukutani juu ya swichibodi.

Mimi na yule wa Dagoretti ndio tuliobakizwa pale. Yeye alikalia ubao namba mbili wa ile swichibodi, mimi namba tatu, na Madam akaendelea na namba moja kwa ile miezi iliyombakia. Tulielewana, mimi na yule msichana. Mchana tulikula pamoja, viazi vyake na maharagwe yangu, na aliponiona sina sweta wakati wa baridi ya Julai alinipa yake moja, akadai imembana.

Katika ofisi ile palikuwa na mpiga taipu kutoka upande wetu wa magharibi. Tulisali naye kanisa moja. Alikuwa mzuri, mtulivu, na alikuwa amechumbiwa na mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa akiongoza kwaya yetu. Harusi ilikwisha kutangazwa. Wifi yangu alikuwa mmoja wa akina mama waliokuwa wakiitayarisha, na pale nyumbani hapakuwa na habari nyingine.

Siku moja asubuhi mwenzangu wa namba mbili aliinama akaninong'oneza, "Nishikie kidogo. Nateremka kwa duka la dawa, tumbo inanikata. Madam akirudi umwambie niko msalani."

Madam alikuwa ameitwa ghorofa ya juu. Mwenzangu alipotoka tu, taa ya simu za mbali ikawaka kwenye ubao wake. Nilisogea kwenye kiti chake, nikapokea. Ilikuwa ni zahanati ya misheni kule kwetu, wanamtaka yule mpiga taipu. Simu za mbali ziliandikwa kwenye daftari: saa, mahali inakotoka, namba ya ubao. Niliandika mbili, kwa sababu ubao ulikuwa wa pili. Hakukuwa na ujanja wowote katika kuandika vile. Ujanja ulikuja baadaye.

Simu ya mbali ilituruhusu kusikiliza mwanzoni, mpaka uhakikishe wanasikiana. Walisikiana mara moja. Sikuifunga swichi.

"Mama yako amekuja hapa, ndiye amenituma," sauti ya mwanamume ilisema, kwa Kiswahili. "Mtoto wako tumemlaza tangu juzi. Ni surua. Lakini usiogope, leo amekunywa uji."

"Amekunywa?" yule mpiga taipu aliuliza, na sauti yake sikuijua. "Ananiulizia?"

"Anakuulizia kila saa. Mama yako anasema usije, usiharibu kazi. Atakuletea yeye habari."

Nilikaa pale mpaka dakika tatu zikaisha, nikawakatiza kama kazi ilivyotaka, nikasema, "Muda umekwisha," kwa sauti ya adabu kabisa. Mwenzangu aliporudi nilimwambia kulikuwa na simu moja tu. Akanishukuru.

Ningependa kuandika kwamba nilipambana na nafsi yangu wiki nzima. Nilinyamaza siku tano, na katika siku zile tano nilikuwa na furaha fulani ya siri ambayo hadi leo naona haya kuikumbuka. Nilikuwa nikimwona yule dada akipita ukumbini na karatasi zake, mgongo umenyooka, nikajisemea, nakujua.

Jumamosi alasiri wifi yangu alikuwa akipiga pasi ya makaa, mimi nikikunja nguo. Alianza kama kawaida.

"Umeona mwenzako? Pete, mwalimu, harusi ya kanisani. Na ni mkubwa kwako mwaka mmoja tu. Wewe unangoja nini? Hata kujipaka mafuta hujui."

"Kila mtu na wakati wake, wifi."

"Wakati gani? Huyo amejitunza. Ndiyo maana Mungu amemkumbuka. Msichana akijitunza anaonekana."

"Amejitunza?" nilisema. "Ana mtoto nyumbani. Amelazwa na surua sasa hivi."

Wifi yangu aliisimamisha pasi hewani. "Nani amekuambia?"

"Nimesikia kazini."

Aliirudisha pasi juu ya shati la kaka yangu, akapiga ule mkono mmoja kwa makini, akaugeuza, akapiga tena. Hakuuliza neno la pili. Nilimwomba asimwambie mtu. Akasema, "Mimi nimwambie nani?"

Jumapili ya pili yake mpiga taipu hakuja kanisani. Akina mama watatu walikuwa wamemwendea chumbani kwake kumwuliza, naye hakukana. Alisema alikuwa akitafuta siku ya kumwambia mwalimu mwenyewe, na alikuwa amemwomba mama yake amlete mtoto Nairobi mwezi uliofuata ili waonane. Huenda mwalimu angemkubali akisikia kutoka kinywani mwake. Huenda asingemkubali. Mwalimu alipata habari kwa wazee wa kanisa, mbele ya watu, na ndugu zake wakaingilia. Harusi ikafa.

Siku chache baadaye mpiga taipu aliingia katika chumba chetu cha simu, akasimama nyuma ya viti vyetu. Hakupaza sauti.

"Nairobi nzima hakuna aliyejua," alisema. "Habari ya hospitali imepita hapa tu. Mmoja wenu amenisikiliza."

Madam alivua visikilizio vyake vya masikioni. Alimpisha kiti, akamletea maji, kisha akamwomba msichana wa mapokezi akae kwenye ubao. Akatupeleka sisi wawili kwenye ile meza ya duara. Alikuja na daftari la simu za mbali.

Alifanya kama siku za mafunzo. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyefokewa. Alisema tueleze kisa, mmoja mmoja, kama kwamba kimeandikwa kwenye kadi. Alianza na mwenzangu, kwa sababu daftari lilisema namba mbili.

Mwenzangu alisema, "Saa hiyo sikuwa kwa ubao, Madam. Niliteremka duka la dawa bila ruhusa. Hilo ni kosa langu, nalisema. Mwenzangu ndiye alinishikia."

Alinigeukia. Hakunitazama kwa ubaya, alinitazama kama mtu anayekungoja umalizie sentensi yake.

"Ni kweli?" Madam aliniuliza. "Ulipokea wewe simu hii?"

Nilikuwa na kaka aliyekuwa ametumia karibu mshahara wake wote kunivisha. Nilikuwa na mama nyumbani aliyewaambia watu wote nafanya kazi mjini na simu. Haya yote niliyafikiria baadaye, nilipokuwa nikitafuta visingizio. Pale mezani sikufikiria lolote. Nilisikia tu mdomo wangu ukisema, "Sikumbuki."

"Hukumbuki kumshikia, au hukumbuki simu?"

"Sikumbuki, Madam. Simu ni nyingi."

Mwenzangu aliendelea kunitazama kwa muda, kisha akaitazama mikono yake. Hakubishana. Madam alitungoja. Alingoja muda mrefu sana, na sasa najua alikuwa akiningoja mimi, kwa sababu ile simu haikuwa ya kusahaulika na yeye hakuwa mjinga. Kisha akafunga daftari.

Meneja hakuhitaji meza ya duara. Daftari lilisema namba mbili, na namba mbili alikuwa amekiri kwamba aliondoka kazini bila ruhusa. Walimpeleka chumba cha mafaili chini kabisa, penye vumbi na taa moja. Alivumilia miezi miwili, akaacha. Siku ya mwisho nilimwona akitoka kwa mlango wa nyuma na mkoba wake. Nilikuwa nimevaa sweta yake. Mpiga taipu alikuwa amekwisha kurudi nyumbani kwa mtoto wake. Madam naye aliondoka nchini mwezi ule ule aliokuwa amepangiwa. Aliponiaga alinipa mkono na zile kadi zake zote, akasema, "Wewe utawafundisha wengine sasa. Mimi sina mwingine wa kumwachia." Sikuthubutu kumtazama.

Nikawa opereta mkuu. Mshahara ulipanda, nikahama kwa kaka yangu, nikapanga chumba changu mwenyewe. Kila mara kampuni ilipoajiri wasichana wapya, niliwaketisha kwenye meza ile, nikawagawia kadi, nikawauliza nani ameumia. Walinipenda. Walisema nafundisha vizuri, sikaripii mtu. Hivyo ndivyo nilivyoishi miaka mitano au sita, na nisingekuwa mkweli nikisema niliumia kila siku. Zilikuwako wiki nzima ambazo sikukumbuka kabisa, na hilo nalo linanitia aibu.

Siku moja, miaka ya sabini ikiwa imeanza, kadi zilituishia mapema. Sijui kwa nini, nilichukua karatasi tupu nikaandika kisa kimoja zaidi. Opereta alisikiliza simu, akasema siri, mwenzake akasingiziwa, yeye akasema hakumbuki. Niliwapa wasichana wanne, nikarudi nyuma kama Madam alivyokuwa akifanya.

Wakajadili. Mmoja akasema huyo alikosea aliposikiliza. Mwingine akasema hapana, kosa kubwa ni kwenda kusema nyumbani. Wa tatu, binti mwembamba aliyekuwa amemaliza shule mwaka ule, akasema, "Mimi naona hiyo ya kusikiliza mtu yeyote anaweza kuanguka. Hata kusema, unaweza kuteleza. Lakini mwenzako anakutazama, na wewe unajua, halafu unasema hukumbuki! Huyo hawezi kuaminiwa na kitu tena. Huyo asipewe hata kufungua mlango."

Wenzake wakakubali. Wakaniuliza, "Mwalimu, si tuandike hivyo?"

"Andikeni," nilisema.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Dagoretti Corner. Nilikuwa nimesikia kwamba yule mwenzangu ana duka la nguo za watoto katika jengo la baba yake. Nilimkuta amekaa nyuma ya cherehani, amenenepa kidogo, pini mdomoni. Alinitambua mara moja. Alizitoa pini moja moja, akazichoma kwenye kitambaa.

"Karibu," alisema. "Umepotea sana."

Nilimwambia nilichokuja kusema. Nilisema yote, kuanzia swichi niliyoiacha wazi mpaka neno nililolisema mezani. Nililia, na nilipokuwa nikilia niliona kwamba naona nafuu, nikazidi kulia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Lakini mimi hiyo yote nilikuwa najua. Si nilikuwa hapo?"

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Umeshawaambia kule kazini?"

"Bado."

"Na yule dada wa taipu? Yeye anadhani ni mimi mpaka leo. Nilikutana na yeye kwa barabara kabla hajaenda kwao, akavuka upande ule mwingine. Umemwambia?"

"Hapana."

"Sasa umekuja kwangu kwa sababu mimi najua tayari," alisema. Hakukasirika, alikuwa kama mtu anayepima kitambaa. "Kwangu ni rahisi. Haikugharimu kitu. Wewe nenda uwaambie wale hawajui, halafu urudi tuongee hiyo ya msamaha."

Mteja aliingia na mtoto, naye mwenzangu akainuka kwenda kumpima mtoto. Nilisubiri kidogo, nikaona hana la kuongeza, nikatoka.

Jumatatu nilikwenda kwa meneja. Alikuwa mwingine, kijana, wa kwetu sisi Waafrika, aliyekuja baada ya Wazungu. Alinisikiliza huku akitia sahihi barua. "Hiyo ni maneno ya zamani sana, mama," alisema. "Hata huyo mtu hayuko hapa. Wewe endelea na kazi yako." Niliomba iandikwe kwenye faili ya mwenzangu kwamba hakuwa yeye. Akasema ataangalia. Nilipoulizia baada ya mwezi, faili haikuwa imepatikana.

Mpiga taipu nilimwandikia barua. Niliiandika mara nne, kwa sababu kila mara nilikuta nimejitetea mahali fulani. Niliipeleka kwa mkono wa mtu wa kwetu aliyekuwa akienda likizo, naye akanihakikishia kwamba alimpa mwenyewe mkononi. Hakujibu. Sikuwa na haki ya kungoja jibu, lakini nililingoja karibu mwaka mzima.

Wale wasichana wanne niliwaambia pia. Niliingia asubuhi, nikasimama mbele ya meza, nikasema kile kisa cha wiki iliyopita ni changu. Yule binti mwembamba aliinamisha kichwa, akawa anakunja pembe ya daftari lake. Kisha mmoja wao akauliza kwa upole, "Sasa, mwalimu, tuendelee na somo?" Tukaendelea. Walimaliza mafunzo yao, walinisalimu kwa heshima kila siku, na nikiingia chumba cha chai walishusha sauti.

Dagoretti Corner nilirudi mara moja tena, kumweleza mwenzangu nilikofikia. Alinisikiliza, akanipa kiti na chai, tukaongea habari za watoto wake. Neno msamaha hakulitaja, na mimi sikulidai.

Miezi kadhaa baadaye likaja kundi jingine la wasichana, watano, wachangamfu, na madaftari mapya. Niliwagawia kadi za Madam. Ile karatasi niliyoiandika mwenyewe ilikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeamua usiku wa kuamkia siku ile kwamba nitawaambia siku ya kwanza, kabla hawajaanza kunipenda. Mmoja wao aliniuliza, "Mwalimu, wewe umefanya kazi hii miaka mingi. Umewahi kujaribiwa?" Wote wakanitazama, na nikaona wanavyonitazama.

Nikasema kila mtu hujaribiwa, nikawaambia wafungue ukurasa mpya.